Bakteria tunao, dawa hatuna

Tumetangaziwa tena: aina mpya ya Bt, bakteria Bacillus thuringiensis anayetumika kama dawa ya viwavi, imepatikana kwenye udongo wetu, na maabarani imeua viwavi wa kabichi asilimia mia. Hongereni. Kipande cha jani kimechovywa, viwavi wachanga wakawekwa juu yake kwenye kisahani, kivulini, nyuzi 25. Wasingekufa ndiyo ingekuwa habari.

Kumpata bakteria huyu si kazi. Chota gramu ya udongo au vumbi la ghala la nafaka, koroga kwenye maji safi, pasha nyuzi 80 kwa dakika kumi ili zibaki spora tu, yaani mbegu zake ngumu, otesha kwenye agari, ute wa kukuzia bakteria, kisha tafuta fuwele kwa darubini, vipande vya protini vyenye sumu ya kuua kiwavi. Ndugu yake, Bacillus cereus, hana fuwele. Mjapani Ishiwata alimkuta mwaka 1901 kwenye viwavi wa hariri waliokuwa wakifa. Wafaransa walikuwa na dawa ya Bt, Sporeine, sokoni mwaka 1938. Sisi bado tunapigia makofi kumwona.

Kazi yenyewe inaanzia hapo, na ndiyo isiyopata mfadhili. Tangi la kuzalishia linataka nyuzi 28 hadi 30 na hewa nyingi, saa 48 hadi 72, mpaka seli zipasuke na kumwaga spora na fuwele. Molasi inatosha kuwalisha, lakini oksijeni ikipungua katikati unavuna seli tele na fuwele kiduchu. Virusi vya bakteria vikiingia, mwaga tangi zima. Kwenye kukausha, joto likizidi protini inaharibika, likipungua unga unaganda kwenye pakiti. Bado hujaweka kinga ya jua, na bila hiyo dawa haimalizi siku nyingi juu ya jani. Bado hujaweka gundi, na jani la kabichi lina nta, tone linateleza kama maji kwenye jani la gimbi.

Tena tusihesabiane spora! Hata aina isiyo na fuwele ina spora. Nguvu hupimwa kwa viwavi hai, ikilinganishwa na sampuli rejea. Ndiyo maana pakiti ya maana huandika uniti za nguvu, mfano 32,000 kwa miligramu. Aina ikitoa sumu nyingine, beta-eksotoksini, itupe, hata iue namna gani. Sumu hiyo haichagui.

Haya, nakubali shingo upande: kutafuta si bure kabisa. Plutella, nondo ambaye viwavi wake hula kabichi, wa Hawaii waliizoea Bt, ripoti ikatoka 1990, kwa hiyo kupokezanisha aina kuna maana. Ila aina mbili za Bt, kurstaki na aizawai, zipo tayari.

Kisha mkulima anauziwa pakiti iliyoiva chini ya bati la duka, bila maelezo. Bt haiui kwa kugusa. Kiwavi lazima aile. Fuwele huyeyuka tumboni mwake, kwenye pH ya 9 na zaidi, yaani hali ya magadi, hivyo ukichanganya na maji ya magadi umeziyeyushia kwenye bomba. Piga jioni, lowesha chini ya majani, viwavi wakiwa wadogo, rudia baada ya siku 5 hadi 7. Kiwavi huacha kula ndani ya saa chache ila anaweza kuning'inia siku tatu. Asiyejua hilo humwaga pairethroidi, sumu ya kemikali ya wadudu, "kumalizia", akawamaliza pia nyigu wa Diadegma walioachiwa Taita na Limuru, Kenya, mwaka 2002 wamle kiwavi huyohuyo. Kuyaandika haya kwenye lebo, kwa herufi zinazosomeka, ni gharama ya wino. Hata hilo linasubiri mradi?