Mwanga kuuzima mwanga: mbio zipo, nguvu ndiyo haba

Washa tochi mbili gizani, uielekeze miale yake ipishane. Itapenyana na kila mmoja utaendelea na safari yake kana kwamba haukukutana na mwenzake. Kwa sababu hiyo mkongo wa baharini, mfano SEACOM uliofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, hupitisha rangi nyingi za mwanga ndani ya unyuzi mmoja wa kioo, nazo karibu hazigusani. Kwa sababu hiyo hiyo, wanaotafuta swichi ambayo mwanga utauwasha na kuuzima mwanga, ili wajenge kompyuta ya mwanga mtupu, wamehangaika miaka mingi.

Hoja yao ina uzito. Leo ujumbe husafiri kama mwanga, ukifika kwenye mitambo hugeuzwa umeme, hupangiwa njia, kisha hugeuzwa mwanga tena. Kila mgeuzo unakula umeme na kuzaa joto. Zipo fuwele na vioo ambavyo mwanga mkali hubadili jinsi vinavyoupitisha mwanga, na katika kioo badiliko hilo huja na kuondoka ndani ya femtosekunde chache (femtosekunde ni sekunde moja ikigawanywa mara milioni bilioni). Transista, ile swichi ndogo ya umeme iliyo ndani ya kompyuta, haifiki huko.

Shida ni unyonge wa badiliko lenyewe. Mwaka 1961 Peter Franken na wenzake, Chuo Kikuu cha Michigan, waliitumia tabia hii kugeuza rangi: walipitisha leza nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 694 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) ndani ya fuwele ya kwatzi, wakapata mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, wa nanomita 347. Doa lake lilikuwa hafifu mno hata, inasimuliwa, jarida likalifuta pichani likidhani ni uchafu! Kioo cha silika ukikipa wati 1 kwenye maikromita 1 ya mraba (maikromita ni sehemu ya milioni ya mita), uwezo wake wa kupinda mwanga husogea kwa sehemu kama tatu tu katika milioni mia. Ukiuzungusha mwanga kwenye kipete, yaani pete ndogo ya kuupitisha, ili ulimbikane, swichi inapungua mbio. Ukihamia kwenye nusu-kipitishi, mada kama silikoni, chenye mwitikio mkubwa, elektroni zilizoamshwa huchelewa kutulia. Na transista moja huisukuma inayofuata bila kuchoka. Mwanga hufifia kila hatua.

Kwa hiyo mimi nisingeweka fedha kwenye kompyuta ya mwanga mtupu. Ningeziweka kwenye leza, maana humo mwanga hurudi mara nyingi na unyonge huo hauumi sana. Kalamu nyingi za leza ya kijani huzalisha ndani yake nanomita 1064 zisizoonekana, fuwele ikazigeuza 532. Leza za mapigo mafupi hutumia mada inayomeza mwanga dhaifu na kuuachia ule mkali: hiyo nayo ni swichi, ila haiombwi kufanya hesabu.

Wahandisi wa mkongo wao wanaikimbia tabia hii ya mwanga kukibadili kioo. Katika kilomita maelfu, lile badiliko dogo hujumlishwa mpaka rangi zikaanza kuvurugana, ndiyo maana hawathubutu kuongeza nguvu ya leza wapendavyo.