Vepu kwenye chaji usiku: kosa la chaja, la betri au la godoro?

Umeme ulirudi saa tano kasoro usiku, na kama mnavyoujua mtaa wetu huku Mabatini, Mwanza, umeme ukirudi kila mtu anakimbilia soketi. Simu, tochi, redio, pawabenki, na kwa dogo mmoja tunayepanga naye nyumba moja ikaingia na vepu yake, ile sigara ya umeme ya betri mbili za kuchomoa. Akaichomeka kwenye ekstensheni iliyokuwa juu ya godoro, akalala zake. Saa nane hivi tukaamshwa na harufu ya plastiki, ile inayokaa kooni mpaka kesho yake. Bahati haikushika moto wa kusema moto, betri moja ilichemka ikatema moshi, godoro likapata tundu la ukubwa wa kisosi na chandarua kikajikunja upande mmoja kama nailoni ya andazi iliyoanguka jikoni. Mama mwenye nyumba alichomoa ekstensheni ukutani kabla mtu hajafikiria chochote, ndo tukamwaga maji.

Kuanzia asubuhi ya siku ile kijiweni hakukaliki, watu wamegawanyika pande mbili na kila upande unaongea kama umesomea.

Kabla sijaenda mbali niseme mimi sivuti, na sitaki mtu asome hapa aone namfundisha kuvuta. Nikotini ni nikotini, iwe kwenye karatasi au kwenye mvuke wa ndizi, na wenzetu ng'ambo ya ziwa, Uganda, walishapiga marufuku vepu kwenye sheria yao ya tumbaku ya 2015. Ila aliyenayo anayo, ataichaji tu, na huyu anaichaji ukuta mmoja na mimi. Alafu betri zenyewe ni zile wanaziita 18650, upana milimita 18 urefu milimita 65, ndo hizo hizo ziko kwenye tochi za walinzi, kwenye pawabenki nyingi, kwenye spika za bluetooth na kwenye betri za laptop za zamani. Kwaiyo hata kama kwako hamna mvutaji, betri unazo.

Upande wa kwanza ni wa fundi simu wa pale Makoroboi pamoja na madereva boda. Wao wanasema kuchaji usiku hakuna shida, vitu vya siku hizi vinajikata vyenyewe, mnamtisha dogo bure. Na kiukweli fundi ana hoja ambayo wengi wetu hatuijui. Watu wengi walikuwa wanasema kosa ni chaja kubwa, dogo alitumia chaja ya simu ya ampia 2 wakati vepu inataka ampia 1, eti ikasukumiwa umeme mwingi. Fundi akacheka. Chaja haisukumi, kifaa ndo kinavuta, kinavuta kile kinachokihitaji basi, cha muhimu volti ziwe zile zile. Ndani ya vepu kuna sakiti ndogo kazi yake ni kusimamia, betri ikifika volti 4.2 inafunga mlango. Kama chaja ni nzuri na sakiti ni nzima na betri ni nzima, kitu kikishajaa kinakaa tu hapo mpaka asubuhi kama simu yako inavyokaa kila siku. Wale wa "usichaji usiku kamwe" wanaliruka hili, na kulala na simu kwenye chaji wanalala nayo.

Shida yangu na fundi ni hizo "kama" tatu. Chaja anazouziwa dogo ni za bei ya chipsi kavu, ukiipasua ndani vitu ni vichache kuliko mbegu za papai mbovu. Umeme wetu nao ukikatika unarudi kwa kishindo, taa zinawaka sana sekunde moja ndo zinatulia, na chaja nzuri inameza kile kishindo ila ya bei ya chipsi inaweza kukipitisha mpaka ndani. Na betri ndo usiseme, nakuja huko.

Upande wa pili ni wa mzee mmoja mwenye mitumbwi ya dagaa kule Igombe, huwa anakuja mjini kwa mwanae jirani yetu. Mzee huyu alianza na karabai za mafuta ya taa, sasa hivi taa zake ni za LED na betri. Msimamo wake haupindi, betri ya lithiamu isichajiwe kwenye chumba cha kulala, iwe usiku iwe mchana. Betri zake zinachajiwa kwenye banda la sakafu ya saruji, mchana, na kuna kijana anakaa nazo. Anasema karabai ilikuwa inakuonya, inapiga kelele, inanuka, unaona moto uko wapi. Betri imekaa kimya kama fuko, ikiamua imeamua.

Nampa mzee heshima yake, na kwa usalama mtupu kamshinda fundi. Ila ushauri wake ni wa mtu mwenye banda. Dogo ni dereva boda, anatoka saa kumi na moja alfajiri anarudi saa tatu usiku, ana chumba kimoja, sakafu yote imeisha kwa godoro, ndoo na jiko la gesi. Ukimwambia usichaji usiku umemwambia usichaji. Na akikusikiliza akachaji mchana ndo itakuwaje? Anaichomeka alfajiri anafunga kufuli anaondoka, ikianza kuchemka saa nne asubuhi chumba kimefungwa na mwenyewe yuko Buhongwa na abiria. Usiku angalau alikuwepo akaamka. Mchana tungejua moshi ukishatoka chini ya bati.

Hapa ndo takwimu za Marekani zinasaidia kidogo, japo nyumba zao si nyumba zetu. Mamlaka yao ya taifa ya zimamoto ilitoa ripoti mwaka 2014 ikahesabu matukio 25 ya vepu kuwaka au kulipuka, 20 kati ya hayo yalitokea kwenye chaji. Ukiishia hapo mzee kashinda. Ila ikaja ripoti ya pili ya matukio kuanzia 2009 mpaka 2016, jumla 195, na picha ikabadilika, yaliyotokea kwenye chaji ni 48, yaliyotokea mtu akiwa anavuta ni 60, na yaliyotokea mfukoni ni 61. Mfukoni! Yaani vepu au betri ya akiba iko kwenye suruali, pengine imelala na funguo na sarafu, haijachomekwa popote, inapata shoti inalipukia pajani. Nilivyosoma hiyo nikaacha kubishana kuhusu saa, maana kama nyingi zinawaka zikiwa hazina hata waya, basi tuangalie betri yenyewe kabla ya saa na chaja.

Kwaiyo asubuhi nikamuomba dogo betri zake tuzipeleke kwa fundi.

Moja imeandikwa 9900 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobebwa na betri. Fundi akaiweka kiganjani akaipima kwa mkono tu akasema feki, maana makampuni makubwa yenye majina kabisa yanachezea 3000 mpaka 3500 kwa saizi hiyo, ukiona 9900 aliyeandika hajui hata anadanganya nini. Dogo aliinunua duka moja hapa mjini akaambiwa ndo kubwa kuliko zote. Ya pili ilitoka kwenye betri ya laptop iliyokufa, mtu aliipasua akazichukua zile za ndani, na ilikuwa imekaa bila chaji miezi mpaka volti zikaisha kabisa, wakaishtua. Wanaojua mtaani wanajua kushtua, unaigusisha na betri nyingine au chaja yenye nguvu mpaka izinduke. Inazinduka kweli, unafurahi umeokoa hela. Ila betri ya lithiamu ikishashuka sana, chini ya volti mbili hivi, ikakaa hivyo muda mrefu, shaba ya ndani inaanza kuyeyuka, na ukiichaji tena ile shaba inajijenga mahali isipotakiwa na kutengeneza shoti ndani kwa ndani. Chaja ya kawaida haiioni hiyo shoti mapema.

Sasa weka hizo mbili pamoja. Vepu ya dogo betri zinafungwa sirizi, umeme unapita moja unaingia nyingine, na yake haina cha kupima kila betri peke yake. Dhaifu inajaa mapema, mwenzake bado, sakiti inaangalia jumla inaona hapajajaa inaendelea kupeleka, ile dhaifu inapita 4.2 huku imefungwa mdomo. Iliyochemka usiku ule ni ile ya laptop. Na angalia saa, kachomeka saa tano kasoro, imechemka saa nane, haikuanza mwanzoni, ilianza kwenye muda wa kujaa. Fundi mwenyewe aliyekuwa anatetea usiku akanyamaza kidogo hapo, ila akasema na hiyo ungeichaji saa sita mchana ingechemka saa tisa. Kweli pia.

Kuna kitu kingine alituonyesha ambacho naona watu wanakipuuza. Ganda la plastiki la betri ya feki lilikuwa limechanika juu karibu na ile chuchu ya chanya. Mimi nilidhani ni urembo tu. Kumbe bati lote la betri ni hasi, kuanzia chini mpaka mabegani, chanya ni ile chuchu peke yake, kati yao kuna upenyo wa milimita chache. Ganda likichanika hapo, kipande chochote cha chuma kikigusa pote pawili ni shoti. Ganda jipya ni karatasi ya plastiki ya kupashwa moto, bei ndogo sana. Na kiboksi cha plastiki cha kubebea betri, hata kopo la dawa la plastiki lenye kifuniko, lingepunguza zile 61 za mfukoni.

Chaja ya kobe sitaki hata kuijadili kwa pande mbili. Ile ilitengenezwa kwa betri bapa za simu za zamani, watu wanaifunga kwenye 18650 kwa waya na selotepu, kobe nyingi hazijui 4.2 ni nini. Hapana.

Tukarudi kwenye swali la dogo, achaji saa ngapi basi. Hapa nadhani pande zote mbili zilikosa kitu kidogo, kwamba si lazima ijae. Betri za lithiamu hazina ule mtindo wa betri za zamani wa kutaka ziishe ndo zijazwe, ukiichomoa ikiwa asilimia 70 haidhuriki, tena inadumu zaidi. Betri ya 3000 mAh kwa ampia 1 inahitaji masaa matatu na ushee kujaa. Dogo akirudi saa tatu akaichomeka wakati anapika ugali, akala, akaoga, akaangalia mpira, saa tano na nusu anaichomoa hata kama haijajaa, analala. Banda la mzee halihitajiki hapo, wala kumuamini fundi kwa macho yaliyofumba, na kwa vepu yenye betri nzima za aina moja zilizonunuliwa pamoja naona inatosha. Kwa betri za kuokoteza hakuna saa itakayozifaa.

Mahali pa kuchajia mzee yuko sahihi mia kwa mia na fundi hakubisha. Sponji inashika joto na inawaka haraka mno. Sakafu ya saruji, au sufuria kuukuu iliyogeuzwa, mbali na chandarua na mbali na mlango, maana vyumba vyetu vina mlango mmoja mmoja na kitu kikiwaka mlangoni umefungiwa. Kwenye dirisha la jua chini ya bati la saa nane mchana napo hapafai, betri hizi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45.

Mabishano ya mwisho yalikuwa maji au mchanga, na hapa wengi waliosema mchanga walikuwa wanachanganya na lithiamu tupu ya kwenye maabara, ile chuma yenyewe kabla haijawa betri. Kwa betri ndogo kama hizi maji mengi ndo yanasaidia kwa sababu yanapoza, hata ndegeni wahudumu wanafundishwa kumwaga maji, mchanga unafunika tu na chini betri inaendelea kuchemka. Ila umeme ukatwe ukutani kwanza, kama alivyofanya mama mwenye nyumba, na moshi usiuvute, una gesi ya haidrojeni floridi inayounguza mapafu. Namba ya zimamoto ni 114 na ipigwe, lakini mnajua nyumba zetu zilivyopanda juu ya mawe, gari litaishia barabarani chini na watu watapanda na mipira kwa miguu, kwaiyo dakika za kwanza ni za ndoo na majirani.

Dogo kanunua betri mbili mpya, zinafanana, zimeandikwa 3000. Zile za zamani kazizungushia selotepu kwenye ncha, ziko kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya ukuta wa choo tangu wiki iliyopita. Mama mwenye nyumba hataki zitupwe kwenye taka zake, kwa sababu taka zetu zinachomwa Jumamosi, na mzee wa Igombe kakataa kuzibeba kwenye mtumbwi.