Kamba Wanne na Nyota za Jenerali

Mie nimesimamishwa kazi kwa ajili ya kamba mawe wanne. Walipotea jikoni kwenye nyumba ya wageni ninayolinda usiku huku Shela. Asubuhi nikaitwa: rudisha sare, rudisha tochi, rudisha rungu, hata firimbi, ukae nyumbani uchunguzi uishe. Nikauliza, na mshahara je? "Kwanza tuone." Wiki ya tatu hii, bado wanaona.

Jana niko barazani na kikombe cha kahawa chungu, mke kashaniambia nikinywa cha pili nisirudi, mara mzee mmoja anasema majemadari wenye kesi waachwe kazini, mtu si mhalifu mpaka hakimu aseme. Wallahi kahawa ilinipalia. Mzee wangu, maneno hayo ulikuwa nayo wapi siku niliyovuliwa koti?

Nikamkumbusha Bosco Ntaganda, yule kamanda wa waasi wa Kongo. Waranti ya kumkamata, ya mahakama ya kimataifa ya jinai kule Hague, ilitoka 2006. Ilipofika 2009 ni jenerali katika jeshi la Kongo, yuko Goma peupe, anacheza tenisi. Tenisi, yakhe! Mie na kamba wanne naona haya kwenda kununua mahamri, naona kama muuzaji ananihesabia vidole. 2012 akaasi, na 2013 akaingia mwenyewe ubalozi wa Marekani kule Kigali, akaomba apelekwe Hague. 2019 akala miaka 30. Na kabla ya hapo, waliopaswa kumkamata ndio waliokuwa wakimpigia saluti.

"Hiyo ni Kongo," mzee akasema.

Haya, na kwetu? Tarehe 27 Agosti 2010, siku ya kuzindua katiba mpya, Omar al-Bashir, rais wa Sudan wakati ule, si alikuwa Uhuru Park, Nairobi, mgeni wa heshima? Hague ishamtolea waranti mbili, ya 2009 na ya 2010, na Kenya ni mwanachama, wajibu wake kumkamata. Wino wa katiba haujakauka, mtu anavutiwa kiti.

Sisemi jenerali afungwe kabla ya kesi. Avue sare tu, akae nyumbani kama mie, na nusu mshahara apewe, mie hata hiyo sina. Maana shahidi wa kesi yake ni koplo. Koplo atasema nini kizimbani, na kesho alfajiri yuko gwarideni mbele ya bwana yule yule? Hata mpishi wetu aliniona langoni usiku kucha, lakini bosi akisimama karibu, anakohoa tu.

Mzee akanyamaza, akasukutua kahawa. "Na hao kamba, nani kala?"

Nani tena! Kuna paka pale jikoni, mwekundu, sikio moja limeliwa. Mlango wa friji haufungi sawasawa tangu Ramadhani, na magamba yaliokotwa nyuma ya gunia analolalia. Jana magharibi nilipita nikachungulia. Yuko pale pale mlangoni, kalala chali, mbele yake kichwa cha samaki changu.