Udongo Dhaifu, Mbegu Kubwa

Mbegu nzito kuliko zote duniani hutungwa na mti uotao katika udongo dhaifu sana wa visiwa vya Praslin na Curieuse, huko Shelisheli. Mti huo, Lodoicea maldivica, ni wa jamii moja na mnazi wetu. Mbegu yake moja huweza kuzidi kilo 15, na tunda hukaa mtini miaka sita au saba kabla ya kukomaa. Kwa sababu hiyo siikubali kauli inayorudiwa mara kwa mara, kwamba rutuba ikipungua ukubwa wa mbegu nao hupungua.

Mwaka 1974, wanaikolojia Smith na Fretwell walionyesha kwa hesabu kwamba mmea mama unapopata chakula zaidi, kinachofaa kuongezeka ni idadi ya mbegu, kwani ukubwa wa kila moja hutegemea akiba ambayo mche utahitaji ili uishi pale utakapoangukia. Mahindi yanaliunga mkono jambo hilo kwa sehemu. Ukame ukija wakati wa kuchanua, ndevu za gunzi huchelewa kutoka hadi mbelewele, yaani ua la kiume lililo juu ya mmea, imekwisha kumwaga chavua, na gunzi hubaki na mapengo, ilhali punje chache zilizotunga huweza kujaa vizuri mvua ikirejea. Ukame ukichelewa hadi punje zinapojaa, idadi imekwisha kupangwa, hivyo punje husinyaa. Kwa hiyo swali la maana zaidi ni upungufu ulikuja lini, wala si ulikuwa mkubwa kiasi gani.

Mti wa Shelisheli umeishi na upungufu wa kudumu, na jinsi unavyokabiliana nao ni jambo ninalolistaajabia kila ninapolifikiria. Makuti yake mapana yamejikunja kama mifereji, hivyo mvua inyeshapo huteremsha chavua, kinyesi cha wanyama na takataka za msituni hadi chini ya shina, na udongo wa hapo huwa na virutubisho vya nitrojeni na fosforasi vingi kuliko ule ulio mita chache pembeni. Kuti likizeeka, mti huvuta sehemu kubwa ya fosforasi yake kabla ya kulidondosha. Mbegu mbichi haielei majini, kwa hiyo huota karibu na mama yake, kivulini, ambako mche hutegemea akiba ya mbegu kwa miaka kadhaa. Mbegu ndogo isingeufikisha mche huo popote. (Okidi, ambazo mbegu zake ni kama vumbi na hazina akiba, hulishwa na kuvu wa udongoni, msaada wa namna hiyo haupatikani kwa kila mmea.)

Ndiyo maana wizi wa mbegu hizi unaniuma. Shelisheli inadai kibali kwa kila mbegu inayouzwa, na hilo ni jema, lakini kwa maoni yangu haitoshi kuhesabu zinazotoka. Kila mbegu inayoondolewa huchukua mche mmoja pamoja na fosforasi iliyokusanywa kwa miaka mingi kutoka ardhi isiyo na ziada. Ningependa idadi inayoruhusiwa kuvunwa ipangwe baada ya kuhakikisha kwamba katika kila bonde zimebaki mbegu za kutosha kuota chini ya mama zao.