Ruzuku za teknolojia vyuoni: nani atalipa mradi ukiisha?

Kila tangazo la ruzuku ya teknolojia linapotoka, wahadhiri wa vyuo vyetu hapa Uganda hugawanyika. Kuna wanaoanza kutafuta washirika na barua siku hiyohiyo. Kuna wanaotikisa kichwa na kusema wamechoka kukesha wakiandika maandiko marefu ya kuomba ruzuku kwa ajili ya vifaa ambavyo mradi ukiisha vitafungiwa stoo. Mimi nafundisha Kiswahili chuoni, nimefanya kazi na watu wa pande zote mbili, na sioni upande unaosema uongo. Ila tunabishania kuomba au kutoomba, wakati linaloamua kama mwanafunzi atafaidika ni jingine: nani ametia sahihi kwamba atalipa gharama mfadhili akishaondoka?

Wanaotaka tuombe wana hoja nzito. Bajeti ya chuo cha umma huliwa kwanza na mishahara. Kinachobaki kinagombewa na umeme, maji na paa linalovuja, na ombi la idara ndogo kama yetu husogezwa mwaka hadi mwaka. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wa kulifundisha watatoka vyuoni. Mwanafunzi aliyekulia Lira au Masaka, ambaye nyumbani hajawahi kukisikia Kiswahili kikizungumzwa, anahitaji sauti za wazungumzaji, azirudierudie mpaka sikio lizoee. Hedifoni na vinasa sauti si vitu vya bei kubwa, lakini kama bajeti ya kawaida haivitoi, vitoke wapi?

Hata yale mambo makubwa tunayoyaona kwa macho hayakutoka kwenye bajeti ya kila mwaka. Majengo mawili ya pamoja ya kufundishia pale Makerere yalitokana na mradi wa elimu ya juu, sayansi na teknolojia uliogharamiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambao ulifika pia vyuo vya Gulu, Busitema, Muni na vingine. Huo ulikuwa mkopo, na sisi walipa kodi ndio tunaoulipa. Serikali nayo ilipotenga shilingi bilioni 30 katika mwaka wa fedha 2019/20 kwa ajili ya Mfuko wa Utafiti na Ubunifu wa Makerere, fedha zilikwenda kwa walioandika maandiko na kushindanishwa. Kisha ikaja korona. Vyuo vilifungwa Machi 2020, na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu likataka kila chuo kithibitishe uwezo wake kabla ya kuruhusiwa kufundisha kwa mtandao. Makerere ilikuwa tayari na MUELE, mfumo wake wa kujifunzia uliojengwa juu ya Moodle, programu huria ya kufundishia mtandaoni. Vyuo visivyo na kitu vilihangaika, na walimu wao hawawezi kuambiwa leo kwamba kuomba ruzuku ni anasa.

Sasa nije upande wa wanaotikisa kichwa, maana wao ndio husikilizwa kidogo zaidi.

Nimeingia katika maabara ya lugha ambayo kila kompyuta ilikuwa na stika ya mfadhili chini ya skrini. Betri za akiba zilikuwa zimevimba, kwa hiyo umeme ukikatika mashine zote huzima papo hapo. Leseni ya programu ya lugha ilikuwa imekwisha muda. Fundi aliyekuwa akilipwa na mradi alishaondoka, na ufunguo ulikuwa kwa karani aliyeagizwa asimfungulie mtu bila barua. Hakuna aliyeiba kitu hapo. Kila kifaa kilinunuliwa kama andiko lilivyosema, na sina shaka kwamba ripoti ya mwisho ilikuwa safi. Kilichokosekana ni mstari mmoja kwenye bajeti ya chuo wa kulipia betri, leseni na fundi.

Mfadhili anapenda kuhesabu, na kompyuta zinahesabika. Saa ambazo mwanafunzi alikaa akisikiliza na kurudia hazihesabiki kirahisi, kwa hiyo mwandishi wa andiko naye, akitaka kushinda, anaongeza kompyuta na kupunguza muda wa watu. Halafu kuna manunuzi. Chuo cha umma kinafuata sheria ya manunuzi ya 2003, na ni vyema kiifuate, lakini zabuni hula miezi. Mradi wa miaka miwili hujikuta umebakiwa na muda mfupi wa kutumia fedha nyingi, na katika haraka hiyo kinachonunuliwa ni kile kinachopatikana upesi.

Zaidi ya hayo, mfadhili anaweza kuondoka kesho. Uingereza ilishusha misaada yake kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5 mwaka 2021. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na Julai mwaka huohuo USAID ikafungwa, shirika lilelile ambalo fedha zake zilianzisha ResilientAfrica Network, mtandao wa ubunifu wa vyuo vya Afrika, pale Makerere mwaka 2012. Mfadhili akiondoka ghafla namna hiyo, wa kwanza kupoteza kazi ni fundi wa mkataba.

Na hata vifaa vikidumu, vinamsaidia aliye karibu navyo. Mwanafunzi aliyerudi kwao Busia wakati wa likizo anasoma kwa simu, kwa bando analojinunulia, na tangu Julai 2021 data inatozwa kodi ya asilimia 12. Video ya mhadhara iliyorekodiwa kwa kamera ya bei kubwa inammalizia bando kabla mhadhara haujafika nusu.

Mfano unaonishawishi zaidi ni RENU, mtandao wa intaneti wa utafiti na elimu ulioanzishwa na vyuo na taasisi zetu mwaka 2006. Kupitia muungano wa kikanda wa UbuntuNet ulinufaika na fedha za Umoja wa Ulaya. Lakini wanachama wenyewe hulipia huduma, na ndiyo maana mwanafunzi wa Gulu akifika Kampala anaweza kuingia eduroam, yaani wifi ya pamoja ya vyuo, kwa akaunti ya chuo chake. Fedha za nje zilisaidia, na gharama za kila mwezi zikawa na mwenyewe tangu mwanzo.

Kwa hiyo naunga mkono kuomba, kwa masharti. Katibu wa chuo, ambaye ndiye afisa mhasibu, atie sahihi kabla andiko halijatumwa, akitaja ni fungu gani litabeba matengenezo. Wanafunzi wa vyuo vingi tayari hulipa ada ya teknolojia. Sehemu yake itengwe kwa kazi hiyo, na wao wawe na kauli. Pale University of Washington, Marekani, ni kamati ya wanafunzi inayopokea maombi na kugawa fedha za ada hiyo. Sioni kwa nini viongozi wa wanafunzi wetu wasiweze. Sahihi ikikosekana, andiko lisitumwe, hata kama idara itaumia kwa kuikosa fursa. Najua vyuo vidogo vya mikoani, ambako mhadhiri mmoja hubeba kozi nne na hakuna ofisi ya kumsaidia kuandika, vitaona sharti hili ni gumu. Lakini hao ndio wasioweza kumudu maabara iliyokufa.

Idara yetu ikiomba, ningependa tusiombe maabara. Tuombe vinasa sauti vichache, nafasi kwenye seva, na malipo ya muda wa wahadhiri wawili wa kurekodi Kiswahili cha wachuuzi wa Busia na madereva wa malori pale Malaba, kwa idhini yao. Sauti hizo zibanwe ziwe ndogo, zipakuliwe mara moja chuoni, zisikilizwe nyumbani bila bando. Orodha hiyo ni fupi, na mhasibu wetu ameshaiona na kusema gharama za kuiendesha chuo kinaweza kuzibeba.