Usukani unaong'aa ni usukani mchafu

Ngozi ya usukani hutoka kiwandani bila mng'aro. Ule mng'aro tunaouona kwenye magari yaliyotumika, hasa juu kushoto na kulia ambako dereva hushika zaidi, ni jasho, losheni, mafuta ya mwili na vumbi vilivyogandamana miaka na miaka. Mwenye gari huuona akadhani ngozi imekwisha, akaenda kununua kava. Na kava ndilo ninalolipinga kwa nguvu zote.

Kava la kuvalisha halishiki vizuri. Linanenepesha usukani, na likilegea huteleza mkononi ukiwa kwenye kona, mahali pabaya kabisa pa kuteleza. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, jasho huingia chini yake na kubaki humo, na ngozi iliyofichwa inazidi kuchakaa bila mwenyewe kujua. Fundi viti anayevua ngozi ya zamani na kushona mpya kwa mkono simgusi hapa. Hiyo ni kazi ya heshima.

Kwanza hakikisha ni ngozi kweli. Usukani wa ngozi una mshono upande wa ndani. Wa plastiki kwa kawaida hauna. Kisha uoshe kabla ya kutumia shilingi yoyote. Sabuni ya ngozi ndiyo bora. Ukiikosa, matone machache ya sabuni ya maji isiyo kali kwenye maji ya uvuguvugu yanatosha. Sabuni ya mche na ya unga ziache kwenye nguo: zina alkali, wakati ngozi iliyotengenezwa ina asidi kidogo, na zikirudiwarudiwa huikausha. Chukua povu tu, sugua taratibu kwa brashi laini, sehemu ndogo ndogo, ukifuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kitatoka na uchafu wa kahawia unaotia aibu. Rudia mpaka kitoke safi. Ikiwa usukani ni mweusi na kitambaa kimeanza kutoka cheusi tii, hiyo sasa ni rangi yenyewe; simama hapo. Usimwage maji, maana katikati kuna mfuko wa hewa wa usalama na nyaya za honi.

Usukani mwingi uliohukumiwa kuwa umekufa hufufuka hapo hapo. Unarudi kuwa mkavu, na mkono unaushika vizuri.

Sasa mafuta. Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, hata dawa ya viatu, vyote nimeona vikipakwa kwa nia njema. Lakini ngozi ya gari kwa kawaida imepakwa rangi, na juu ya rangi kuna tabaka jembamba la kuilinda. Mafuta hayapenyi hapo. Yanabaki juu, yanakamata vumbi na kutelezesha mikono. Dawa ya silikoni ya kung'arishia dashibodi ni mbaya zaidi. Vijana wanaotuoshea magari huipuliza kila mahali kwa kutaka kutufurahisha, kwa hiyo waambie mapema, kwa upole, usukani wauache.

Pale rangi ilipobanduka kweli, futa kwa spiriti, pitisha msasa laini, namba 800 au 1000, kwa mkono mwepesi, ziba nyufa kwa dawa ya kujazia ngozi, kisha paka rangi ya ngozi ya maji kwa sponji. Matabaka yawe membamba, kila moja likauke kabla ya jingine. Haraka ndiyo inayoharibu kazi hii kuliko kitu chochote. Malizia na dawa ya kufunga rangi isiyong'aa, uache gari siku nzima bila kuliendesha.

Ngozi iliyochanika au uzi uliofumuka ni wa fundi. Akitaka kuung'oa usukani, atoe kwanza waya hasi wa betri. Miongozo ya ufundi ya Toyota huagiza kusubiri sekunde 90 au zaidi kabla ya kugusa mfuko wa hewa. Fundi asiyetaka kusubiri muda huo, mpelekee mwingine.

Baada ya hapo ni kitambaa chenye unyevu mara moja kwa wiki, na kizuia jua kwenye kioo cha mbele kila unapoegesha juani.