Kikombe cha Nne

Septemba imefika, nami nimepewa kikombe. Cheupe, kimeandikwa kwa herufi za buluu kwamba mimi ni shujaa. Ni cha nne sasa. Kila mwaka ikifika wiki ya kuwashukuru wahudumu wa watu wenye ulemavu, ofisi hutuletea vikombe na piza iliyopoa, meneja hupiga picha, picha hupandishwa Facebook. Katika ya mwaka huu nimefumba macho. Sikuwa naomba dua. Ilikuwa saa nne asubuhi, na mimi niliingia kazini saa tisa alasiri ya jana yake.

Aliyetakiwa kunipokea usiku hakuja. Wenzangu wa Lowell na Worcester, hapahapa Massachusetts, hamhitaji kuelezwa hili. Huwezi kuondoka. Ukiwaacha wakaazi wanne wa nyumba peke yao umewatelekeza, na ripoti itakuwa imeshafika DPPC, tume ya jimbo inayochunguza unyanyasaji wa watu wenye ulemavu, kabla hujawasha gari. Na ni haki, wasiachwe hata dakika moja. Lakini tazameni hesabu ilivyopangwa: ofisi ikikosa mtu, pengo linazibwa kwa mgongo wako. Asubuhi unaletewa kikombe.

Vikombe vitatu vya kwanza nilishukuru nikanyamaza. Hiki kimenikuta wiki ambayo Mzee yuko hospitali.

Mzee ndivyo ninavyomwita mimi. Jina lake nawaachia ndugu zake, kama wapo. Ana miaka sitini na kitu na hajawahi kutamka neno. Utoto wake ulipotelea Fernald, pale Waltham. Mnaoishi karibu mmeyaona yale majengo ya matofali. Ni taasisi ya watu wenye ulemavu wa akili, iliyofunguliwa 1848 na kufungwa 2014, na ambamo miaka ya arobaini na hamsini watafiti waliwalisha wavulana uji wenye chembe za mionzi, wakiwaambia wamejiunga na klabu ya sayansi. Mzee aliingia baada ya hayo, lakini mpaka leo hagusi uji. Wazazi walikwenda mahakamani, majumba yale yakafungwa moja baada ya jingine, watu wakahamishiwa nyumba za mtaani kama hii yetu, yenye jiko, bustani na jirani anayelalamikia maegesho. Ahadi ilikuwa kwamba hapa mtu atajulikana kama mtu.

Basi niwaambie kujulikana ni nini.

Mzee husema kwa chai. Ukimwekea kikombe mbele yake, akikizungusha mara moja akanywa, yu mzima. Akikisogeza hadi ukingoni mwa meza kisha akaanza kusugua mbao kwa kidole gumba, polepole, kama anayefuta doa, tumbo limefunga. Hapo una siku moja, pengine mbili. Faili lake ni nene kama msahafu, linasema chakula kikatwe vipande vidogo na dawa gani saa ngapi. Kidole gumba hakimo. Hilo nilifundishwa na mama mmoja wa Murang'a ambaye sote tunamwita Shosh, aliyekaa naye miaka kumi na moja, nami bado ilinichukua miezi saba kuanza kuliona mwenyewe.

Shosh ameondoka Julai. Amekwenda kupanga masanduku ghalani, dola tatu zaidi kwa saa. Nilipomuuliza kama hamkumbuki Mzee, akanijibu, "Mwanangu, namkumbuka kila siku. Lakini sanduku likianguka siandikiwi ripoti, na nikimaliza zamu naenda nyumbani." Nikakosa la kusema.

Nafasi yake imepita watu watatu kwa miezi miwili. Mimi nikahamishwa nyumba nyingine wiki mbili kuziba pengo la huko. Niliporudi nikasoma daftari la zamu. Jumatatu: amekataa chai, tabia. Jumanne: amesukuma sahani, tabia. Jumatano: amempiga mhudumu mkononi, tabia, ameelekezwa kwa upole. Alhamisi: ambulensi. Utumbo ulikuwa umeziba.

Tabia! Nalichukia neno hilo kuliko maneno yote ya kazi hii. Wewe ukiumwa na jino ukanuna, unaumwa na jino. Yeye akiumwa na tumbo akasukuma sahani, ana tabia. Kila mafunzo tunayokaa tunaambiwa mambo manne yanayowaua watu wetu na yanayozuilika: chakula kwenda mapafuni, kukosa maji mwilini, kufunga choo, kifafa. Tunajibu mtihani, tunapewa cheti. Aliyeandika yale ya daftarini naye ana cheti. Ni kijana mzuri, mpole, ana cheti cha MAP, kile cha kuruhusiwa kutoa dawa, na mkono wake hautetemeki akitoa dawa. Simlaumu hata chembe. Alikuwa na siku tisa katika nyumba ile. Kwa siku tisa unajua taulo zinakaa wapi.

Ndiyo maana nachekeshwa ninaposikia mikutano ya "ubora wa huduma". Fomu mpya, tableti mpya ya kuandikia, bango jipya la haki za mkaazi ukutani. Ubora wa Mzee ulikuwa Shosh. Ubora ulivaa aproni, ukaomba nyongeza ya dola mbili, ukaambiwa bajeti hairuhusu. Hesabu za nchi hii zinaonyesha kila mwaka karibu wahudumu 40 katika kila 100 wa kazi hii huacha, na kila anayeacha huondoka na kidole gumba cha mtu fulani. Hakuna makabidhiano ya hilo. Unapompa mgeni funguo za gari na kumwambia "huyu hapendi kelele", umekabidhi kila kinachokabidhika kwa dakika kumi.

Haya, niwe muadilifu, maana najua kuna mameneja wanaonisoma. Ajensi, yaani ofisi inayotuajiri, haijipangii bei ya huduma. Jimbo ndilo linalopanga, kwa ile sheria ya 2008 ya kupanga bei mnayotutajia kila tukiomba nyongeza, na nusu ya pesa za Medicaid, bima ya serikali inayolipia huduma hii, inatoka Washington, ambako Julai 2025 walitia saini sheria ya kuipunguza. Nimeelewa. Lakini ajensi hiyohiyo isiyo na dola mbili za Shosh inawalipa watu wa kukodi wa muda kwa saa fedha ambazo Shosh hajawahi kuziona, maana kampuni inayowakodisha nayo lazima ipate kula. Mniwie radhi, hiyo hesabu nilifundishwa vingine Mombasa.

Na wenzetu mliofungua ajensi zenu wenyewe, mnaotuita "ndugu" kanisani na msikitini kisha mnachelewesha mshahara wiki tatu, nanyi mnajijua.

Sisi pia tunajijua. Nimefanya zamu mbili kwa siku, nyumba mbili tofauti, ada za shule zikidaiwa nyumbani na paa la mama likivuja. Nimelala katika zamu ya kukesha. Si kwa kukusudia. Niliketi nikunje nguo nikaamka soksi ya mtu mkononi na saa imeruka dakika arobaini. Hakuna kilichotokea usiku ule. Mara nyingi hakuna kinachotokea, na ndiyo sababu mpango huu unaendelea.

Mamangu kwa miaka alidhani nafanya kazi hospitali, kwa sababu nilimwambia hivyo. Mwaka jana nikamweleza ukweli kwa simu: naosha, nalisha, nabadilisha nepi za watu wazima. Akanyamaza. Kisha akaniuliza habari za binamu yangu, yule aliyefungiwa chumba cha uani hadi alipofariki, ambaye watoto tuliambiwa tusimtaje mbele ya wageni. "Yeye naye angeliwekewa mtu kama wewe?" Nikamwambia ndiyo, Mama, huku angewekewa. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mtu huyo angebadilishwa kila miezi mitatu.

Juzi nimekwenda kumwona Mzee wodini. Amekonda, mpira puani. Nesi alikuwa ameandika ubaoni "hawasiliani". Kando ya kitanda kulikuwa na meza ile ya magurudumu, na kidole gumba chake kilikuwa kinasugua ukingo wake. Nikamwita nesi nikamweleza. Kwa haki yake, alisikiliza, akamwita daktari, dawa ya maumivu ikaongezwa. Kidole kikatulia baada ya kama nusu saa.

Niliporudi kazini nikachukua karatasi nikaandika yote: chai, kikombe, ukingo wa meza, sikio la kushoto anapokuwa na homa, wimbo wa kumwimbia akigoma kuoga. Nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Kesho yake mkaguzi wa ndani akaibandua. Ni taarifa za siri za mkaazi, akasema, na isitoshe hapa ni nyumbani kwa mtu, hatubandiki matangazo.

Nimeikunja nikaitia katika kikombe cha nne. Utakayeingia zamu ya Jumatatu, kabati la juu, mkono wa kulia, kile cheupe.